Kihariri kimoja cha noti za kemia na msimbo wa Python, RAM ni GB 4

Kemia_Rongai
Wadau, habari zenu. Natafuta kihariri cha noti za maabara zenye fomula pamoja na Python. Laptopu ni ya Ubuntu, betri imekufa, na stima huku hupotea bila hodi. VS Code na kivinjari zikiwa wazi pamoja, mashine inakwama. Data nanunua kidogo kidogo.

mzee_wa_org
Emacs (kihariri cha maandishi), utumie Org, sehemu yake ya noti. Noti na msimbo hukaa kwenye faili moja ya maandishi matupu. Kipande cha msimbo kinaanza hivi:

`#+begin_src python :results output`

Kifunge kwa `#+end_src`, bonyeza C-c C-c (Ctrl+c mara mbili), jibu litatokea chini yake. Ukiambiwa "No org-babel-execute function for python!", hujakosea msimbo: Org huja tayari kuendesha Emacs Lisp pekee, lugha ya Emacs yenyewe. Tia hii kwenye init.el, faili ya mipangilio ya Emacs:

`(org-babel-do-load-languages 'org-babel-load-languages '((emacs-lisp . t) (python . t)))`

Ukiacha `:results output`, Org husubiri `return`, nayo `print` yako inaishia hewani na unaletewa None. Tena kila kipande huanza upya. Ukitaka x ya juu ijulikane chini, ongeza `:session`.

Fomula huonekana kwa C-c C-x C-l. Kazi hiyo hufanywa na LaTeX, mfumo wa kupanga fomula. Usiguse texlive-full (LaTeX nzima), ni GB kadhaa. Hizi zinatosha:

`sudo apt install --no-install-recommends texlive-latex-extra texlive-plain-generic dvipng`

Hiyo ya katikati usiiruke, ndimo ilimo ulem.sty ambayo Org huidai.

nukta_py
Mkuu, sawa, ila mwenzake wa maabara asiye na Emacs ataifanyia nini .org? Mimi ningeandika Markdown (maandishi yenye alama chache) kwa Kate, kihariri kingine, nigeuze kwa Pandoc, programu ya kubadilisha aina za faili. Kitu cha kuepuka ni .ipynb (faili ya daftari la Jupyter) ndani ya Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili: ni JSON iliyobeba hata picha za grafu, ukibadilisha mstari mmoja diff (orodha ya mabadiliko) inajaa takataka. Jupytext huigeuza ikawa .py ya kawaida.

Kemia_Rongai
Asanteni. Na stima ikipotea katikati ya sentensi?

mzee_wa_org
@nukta_py, C-c C-e hutoa PDF au HTML, mwenzake atasoma bila shida.

Kuhusu stima: Emacs huweka nakala ya `#noti.org#` kila baada ya vibonyezo 300, au ukitulia kama sekunde 30. Mashine ikiwaka, usihifadhi chochote kwanza. Fungua noti.org, kisha M-x (Alt+x) recover-this-file, ujibu yes kwa herufi zote tatu.

nukta_py
Na kama utabaki VS Code, weka `"files.autoSave": "afterDelay"`. Huhifadhi baada ya sekunde 1.