KALORI ZA SAA YA MUKONO NI MAKISIO, MUACHE KUITA MAMA ZETU BAONGO!!

Ndugu za Bukavu na bengine bote, leo niko na hasira na sitaificha. Mama mudogo wangu ana diabete, munganga alimuambia apunguze kilo, akajiandikisha ku jimu moja hapa Ibanda, bakamuuzisha saa ya mukono na kumuwekea aplikasio ya byakula mu telefone. Anatembea kila asubui, anaandika byote anakula, kilo hazishuke. Kochi akaangalia namba akasema mbele ya batu eti mama unatudanganya, unakula kwa kujificha, saa haisemake uongo. Mutu muzima, anaitwa muongo juu ya mashini!

Ile saa haione kalori hata moja. Inaona mapigo ya moyo na kale kataa ka kijani ka chini, inaona mukono unavyotikisika, inachukua umri, kilo na urefu uliandika, kisha inakisia. Ni ile tu. Kupima kwa kweli banakuvalisha maski, banapima oksijeni unatumia na hewa unatoa. Mu 2017 batafiti ba Stanford kule Marekani balijaribu saa 7 kwa batu 60. Mapigo ya moyo, 6 zilikosea chini ya asilimia 5, sawa, hapo nazisifu. Lakini kalori, ile iliyoshinda zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na ya mwisho asilimia 93. Ndiyo shahidi wenu huyo?

Tena hapa kwetu ni milima. Mama anapanda Kadutu na unga kichwani, mukono wa saa ndio umeshika muzigo, anaenda polepole juu njia imesimama, sasa hatua ni kidogo na mukono hautikisike, na saa nyingi hazimuulize amebeba nini, basi inaweza kuandika kalori kidogo kuliko zile amechoma.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kuhesabu mara mbili. Mama mudogo ana kilo 80, sentimeta 165, miaka 45. Ukifuata hesabu ya Mifflin ya 1990 (nayo ni makisio), mwili wake ukilala tu unachoma karibu kalori 1,450 kwa siku, ni kusema 60 kila lisaa. Akitembea lisaa limoja saa inaandika tuseme 300. Mu hizo 300 muko zile 60 angechoma hata akikaa ku kiti, na aplikasio ilishazihesabu mu jumla ya siku! Kuna saa zinatenganisha za mazoezi na za jumla, ya kwake inachanganya byote, kisha aplikasio inamuambia bado uko na 300 za kula. Anatii, anakula, kilo zinabaki, kochi anasema muongo.

Na ukitafuta sombe mu ile aplikasio, inakuletea majani ya kuchemsha na maji. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese ni karibu kalori 120, na sombe ya nyumbani haipikwe na kijiko kimoja.

Nimemuambia asikule tena zile kalori za saa, apime kilo ku balansi moja asubui mara moja kwa juma, apime kiuno na kamba, na dawa za sukari asiguse bila munganga. Kochi naye akuje kuomba musamaha mbele ya batu.

Beye muko Goma na Lubumbashi, mwenye aliitwa muongo juu ya saa aandike hapa, tena aseme saa yake ilikuwa inaonyesha jumla ao za mazoezi tu.