Reli ya Choshi inaishi kwa kuuza vitafunwa. Iachwe ife au serikali ilipe?

MLETA MADA:
Wakuu, tujadili hii reli ndogo ya umeme ya Choshi, mkoa wa Chiba, Japani. Kilomita 6.4 tu, stesheni kumi, ipo tangu 1923, inatoka mjini inakatiza mashamba ya kabichi mpaka Tokawa karibu na bahari. Treni zenyewe mtumba, nyingine zilitumika Tokyo zikachoka, zikapelekwa mji wa Matsuyama zikachoka tena, ndo zikafika hapo.

2006 kikanuka. Bosi wa zamani alikuwa kala hela za kampuni, ruzuku ikakatwa, na treni zinadaiwa ukaguzi wa lazima wa kisheria. Wafanyakazi wakaandika mtandaoni wakiomba watu wanunue senbei zao (vile vitafunwa vya mchele, vyao ni laini vimelowekwa sosi ya soya, walianza kuviuza 1995) ili wapate hela ya matengenezo. Oda zikamiminika mpaka zikawazidi. Mpaka leo vitafunwa vinawaingizia kuliko nauli.

Watu wanashangilia ubunifu, mi naona aibu. Barabara hatujawahi kuiambia ikaange maandazi ndo iwekewe lami, sasa reli inayobeba wanafunzi na wazee wasioendesha gari kwa nini ijitafutie? Serikali ibebe njia, nyaya na madaraja, kampuni ibaki na kuendesha treni.

JIBU:
Mkuu unaongea kama hela inaokotwa. Choshi hiyohiyo ilifunga hospitali ya mji 2008 kwa kukosa hela, wananchi wakapiga kura wakamtoa meya 2009. Sasa uwaambie walipie reli ya kilomita sita? Vijana wanahama, waliobaki kila nyumba ina gari. Weka basi, yaishe.

MLETA MADA:
Hiyo ya hospitali umenishika, ndo maana nasema serikali sio mji peke yake, mkoa na taifa waingie. Ila basi litaendeshwa na nani? Madereva Japani hawatoshi, kuna kampuni Osaka inaitwa Kongo ilifuta ruti zake ZOTE za basi Desemba 2023, na sababu kubwa ni hiyohiyo madereva, halafu 2024 sheria ikabana zaidi masaa yao ya ovataimu.

JIBU:
Naongezea ya Fukui, mkoa mwingine hukohuko Japani. Reli ya umeme kule treni ziligongana uso kwa uso Desemba 2000, zikarudia tena Juni 2001, ikasimamishwa wakaweka mabasi. Foleni ikawa balaa, wanafunzi wanachelewa, na abiria wengi wa treni hata hayo mabasi hawakupanda, wakarudi kwenye magari. Mkoa na miji wakanyoosha mikono wakaunda kampuni mpya, Echizen, treni zikarudi 2003 kwa hela ya umma. Kwa hiyo kabla ya kusema "weka basi" muwaulize wa Fukui kwanza.

JIBU:
Mji wa Fukui ni makao makuu ya mkoa, ina ofisi, ina wanafunzi kibao. Choshi ina samaki na sosi ya soya. Usifananishe.

MLETA MADA:
Sawa, tofauti ipo sikatai. Basi wewe unayetaka ifungwe niambie kitu kimoja, mzee wa Tokawa aliyerudisha leseni ya udereva na binti yake yuko Tokyo, Jumanne ana kliniki, anafikaje mjini?