Tupeane uzoefu: vichekesho vya Lucille Ball, vinaigwaje huku kwetu Nyanda za Juu?

Kijana wa Mwanjelwa
Wadau, kile kipande cha kiwanda cha chokoleti cha Lucille Ball, yule mchekeshaji wa Marekani wa kipindi cha runinga I Love Lucy, kimeanza tena kuzunguka kwenye simu, na kila kikundi hapa Mbeya kinataka kukiiga kwa viazi vya Uyole. Mbona hakichekeshi? Mnaoijua kazi ya huyu mama, mwageni.

Ndizi ya Tukuyu
Kwa sababu wanaanza na fujo. Tazama kile cha 1952 vizuri. Lucy (Lucille mwenyewe) na rafiki yake Ethel wamepewa kazi ya kufunga chokoleti kwa karatasi zikipita kwenye mkanda. Msimamizi anatoa sharti kwanza: chokoleti moja ikipita bila kufungwa, mmefukuzwa. Mkanda unakuja taratibu, Lucy na Ethel (huyo ni Vivian Vance) wanaona wanaimudu kazi. Ndipo unashika kasi, chokoleti zinaingia mdomoni, kwenye kofia, ndani ya blauzi. Msimamizi anarudi, anakuta hakuna iliyopita, anaridhika, anaamuru kasi iongezwe! Ondoa sharti la mwanzo uone, unabaki na wanawake wawili wanaokula tu.
Na kiazi hakijazi shavu, kinaliumiza. Tumieni maandazi madogo makavu, tena muanze nayo siku ya kwanza ya mazoezi. Mkifanya mazoezi kwa mikono mitupu, siku ya kurekodi karatasi za kufungia zitawashinda.

Mhehe Mpole
Hapo kwenye sharti umemaliza.

Fundi Taa
I Love Lucy ilianza Oktoba 1951, kamera tatu za filamu ya milimita 35, watazamaji kama 300 ukumbini. Mpiga picha Karl Freund alipandisha taa juu, mwanga ukaenea sawa, kamera zote zikafanya kazi kwa pamoja bila kusimama kupanga upya.
Kwa simu tatu: ya katikati ichukue jukwaa zima, za pembeni zishike sura. Fungeni mpangilio wa mwanga na rangi kwenye simu zote usibadilike wenyewe, la sivyo mkiunganisha uso utakuwa wa buluu huku, wa njano kule. Pigeni makofi mara moja kabla ya kuanza, mlinganishie sauti hapo. Na msirekodi chini ya bati Tukuyu wakati wa masika.

Baridi ya Makambako
Watazamaji wa nini? Kicheko unakibandika baadaye.

Fundi Taa
Bandika, mwigizaji aongee juu yake. Mbele ya watu anangoja kicheko kishuke nusu ndipo atupe neno linalofuata.

Baridi ya Makambako
Akingoja, mtu kashapandisha video nyingine.

Dada wa Gangilonga
Mmesahau kile cha pipa la zabibu, 1956, Lucy anapokanyaga zabibu za divai! Kwa simulizi ya Lucille mwenyewe baadaye, yule mama waliyempa akanyage naye zabibu alikuwa mkanyagaji kweli. Ugomvi ulipoanza akapigana kweli. Lucille alisema alikandamizwa chini ya zabibu hadi pumzi ikamwishia.

Mhehe Mpole
Kumbe alikuwa anazama na sisi tunacheka!

Baridi ya Makambako
Iringa fanyeni kwa ulanzi, pombe yenu ya mianzi.

Dada wa Gangilonga
Ulanzi unagemwa, haukanyagwi. Uliza kabla ya kuandika.
Kwenye pipa kubalianeni ishara, kwa mfano kugonga ubavu mara mbili, na mtu mmoja asiyeigiza asimame karibu akiangalia mkono tu. Kelele haifai kuwa ishara, maana kelele ndiyo mchezo wenyewe.

Kijana wa Mwanjelwa
Na zile nywele nyekundu?

Ndizi ya Tukuyu
Hina. Asili yake kahawia. Na kipindi chenyewe kilikuwa cheusi na cheupe, sasa jiulize.

Mzee wa Soweto
Mnaongelea nywele, fedha mmeziacha. Alizaliwa 1911, kipindi kinaanza ana miaka 40, huko nyuma filamu nyingi na jina la wastani. Yeye na mumewe Desi Arnaz walikubali kupunguziwa malipo ili filamu za kipindi ziwe mali yao, kampuni yao Desilu. Marudio ndiyo yaliyolipa. Desilu ikanunua studio za RKO, wakaachana 1960, na 1962 mama akanunua hisa za Desi akaongoza mwenyewe. Kile kipindi cha safari za anga, Star Trek, kilitoka kwenye studio hiyo. Aliuza 1967, dola milioni 17.
Kwa hiyo video halisi zikae kwenye diski mbili, nyumba mbili. Makubaliano ya mgao yaandikwe kabla ya kurekodi, watu wakiwa bado wanapendana.

Kijana wa Mwanjelwa
Na neno la siri la akaunti akae nalo nani?

Mhehe Mpole
Mtunza hazina.

Baridi ya Makambako
Yeyote, ila si mtunza hazina.