Watoto wanapanga kadi za hadithi sawasawa, lakini hawawezi kusimulia. Na vitabu vya kugawana haviwaingii

mwl_awali

Wakuu, naomba msaada wa wenye uzoefu na vitabu vya picha. Nina watoto wa miaka 4 na 5 katika darasa moja. Nasoma kitabu, kisha nawapa kadi 6 za picha za hadithi hiyohiyo wazipange. Mambo mawili yananitatiza.

La kwanza, wengi wanazipanga bila kukosea, ila nikisema "haya, nisimulie" wananitajia vitu: "huyu mtoto, huyu mbwa, hii ndoo." Hadithi hakuna.

La pili, vitabu nilivyonavyo vingi ni vya kufundisha kugawana. Nikiuliza "tumejifunza nini?" wote wanaitikia "tugawaneee!" Muda mfupi baadaye wananyang'anyana vibao vya kujengea. Niongeze kadi? Nibadili vitabu? Au umri wao bado?

tiba_ya_lugha

Mwalimu, usiongeze kadi. Punguza. Na hayo matatizo mawili yana mzizi mmoja: watoto wanaziona picha, ila hawaoni kilichoifanya picha ya kwanza izae ya pili. Ukisoma kitabu na papo hapo ukawapa kadi zake, wanakumbuka kurasa zilivyofuatana, basi. Kumbukumbu inatosha kupanga. Kusimulia kunahitaji sababu.

Kwa miaka 3 anza na kadi 2, fika 3. Miaka 4 anza na 3, ongeza ya nne pale anaposimulia zile tatu bila kusaidiwa. Miaka 5, kadi 4 au 5. Kadi 6 zinamla mtoto wa miaka 4 nguvu zote katika kutafuta nafasi ya kila picha, na ya kutafuta maneno haibaki.

Kisha angalia aina ya hadithi. Simon Baron-Cohen na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1986 uliohusu watoto wenye usonji na wasio nao, walitumia hadithi za picha zilizogawanywa kwa aina ya kiungo: kitu kinachosukuma kitu, mtu anayefanya tendo la kuonekana wazi, na mtu anayetenda kwa sababu ya anachodhani au anachotaka. Mgawanyo huo unafaa sana kwa kupanga masomo. Puto linapaa, linagusa mwiba, linapasuka: sababu iko ndani ya picha, mtoto anaiona kwa macho. Mtoto anavaa soksi, anavaa viatu, anatoka nje: hapo pia kila kitu kinaonekana. Lakini mtoto anaweka mdoli chini, mwenzake anauokota akidhani umeachwa, mwenyewe anarudi na kushangaa: kiungo kimo kichwani mwa mhusika, na hakuna mchoraji anayeweza kukichora moja kwa moja. Hadithi za kugawana karibu zote ni za aina hii ya tatu. Wewe umeanza na ngazi ya juu kabisa. Anza na aina ya kwanza, pitia ya pili, ndipo urudi kwenye vitabu vyako.

Kuhusu kusimulia. Swali "unaona nini hapa?" linaomba orodha, na mtoto anakupa orodha. Uliza "alifanya nini?", "ikawaje?", "kwa nini?" Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kadi na kadi, na unapouliza weka kidole chako katika nafasi hiyo, si juu ya picha. Kidole kikiwa juu ya picha, mtoto anaitaja picha. Kikiwa katikati, anatafuta kilichotokea. Kisha subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi 5 kabla ya kusema neno. Wengi wetu tunakatisha kabla mtoto hajaunda sentensi.

Sikiliza vitenzi. Mtoto anayeeleza picha hutumia -na-: "anabeba ndoo, anamwaga maji." Anayesimulia hutumia -ka-: "alibeba ndoo, akamwaga maji, mche ukaota." Usimsahihishe. Mrudishie sentensi yake ikiwa imegeuzwa: "Ndiyo, akamwaga maji. Halafu?" Baada ya mizunguko kadhaa ataishika mwenyewe, kwa sababu -ka- inamvuta kwenda mbele.

Kama bado anataja vitu, zigeuze kadi zote kifudifudi palepale zilipo, aanze kusimulia. Kwa kuwa hakuna picha ya kutaja, inabidi ataje tendo. Akikwama, funua kadi moja tu. Njia nyingine ni kuondoa kadi ya tatu kati ya nne na kumuuliza nini kilitokea hapo. Hapo ndipo utajua kama ameelewa, kwa sababu lazima atengeneze kiungo mwenyewe.

Kosa moja zaidi la kuepuka: kukataa mpangilio usiolingana na kitabu. Mtoto akiweka picha ya kulia kabla ya picha ya kuanguka, akasema "alikuwa analia, hakuona njia, akaanguka", amesimulia vizuri kuliko aliyepanga sawa na kunyamaza.

mkutubi_wa_watoto

Naongezea upande wa vitabu. Kama wahusika wako wote ni sungura na simba waliovaa nguo, jaribu vitabu vyenye watoto. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto uliochapishwa mwaka 2017 uliwasomea watoto wa miaka 4 hadi 6 hadithi ya kugawana, na waliosomewa yenye wahusika binadamu wakagawa stika nyingi zaidi kuliko waliosomewa ileile yenye wanyama. Wanyama wanafurahisha na sisemi uwatupe. Ila funzo la tabia mtoto hulihamishia kwake kwa urahisi zaidi pale mhusika anapofanana naye.

Kisha kagua ukurasa wa suluhisho. Vitabu vingi vya aina hii vina ukurasa wa ugomvi, na ukigeuza tu, wote wanacheka. Namna walivyofika hapo haikuchorwa! Mtoto anaambiwa "tugawane" bila kuonyeshwa hatua hata moja. Ukiwa na kitabu cha namna hiyo, chora ukurasa unaokosekana na uubane katikati: nani alisema nini, nani alisubiri, nani alipokea.

Angalia pia ni ugawanaji gani unaoonyeshwa. Rangi 12 zinagawanyika, 6 kwa 6. Baiskeli moja haigawanyiki, inahitaji zamu. Vibao vya kujengea vinaweza kutumika pamoja kwenye mnara mmoja. Kitabu chako kikiwa cha kugawa vipande, na ugomvi wa darasani ukiwa juu ya kitu kimoja, watoto hawana cha kuchukua humo. Kwa vibao, tafuta hadithi ya kujenga pamoja au ya kupokezana.

Kitabu kimoja kisome mara tatu kwa siku tofauti. Mara ya kwanza moja kwa moja bila kusimama, wapate hadithi nzima. Mara ya pili simama kwenye ugomvi, funika ukurasa unaofuata kwa karatasi, waelekeze kwenye nyuso: huyu anajisikiaje, na yule? Mara ya tatu wao ndio wasimulie, wewe ugeuze kurasa tu. Hii inafuata usomaji wa mazungumzo ambao Grover Whitehurst na wenzake waliueleza mwaka 1988, ambapo mtu mzima huuliza maswali ya wazi, husikiliza, na hurefusha jibu la mtoto.

Swali la "tumejifunza nini?" liache kabisa. Linazaa kiitikio. Uliza "ungemwambia nini?" na uwafundishe maneno yenyewe ya kutumia: "naomba nikitumie ukimaliza", "bado natumia, nitakuita", "tujenge wote". Mtoto mwenye sentensi mdomoni hana haraka ya kutumia mikono.

mwl_awali

Asanteni sana, hili la kidole katikati sikulifikiria kabisa. Swali jingine: seti ya kadi ni moja na watoto ni wengi. Wakikaa pamoja wawili wanapanga, wengine wanatazama tu. Na kadi zinachakaa upesi.

kadi_na_gundi

Kundi liwe la watoto 4 na kadi 4, kila mmoja ashike moja. Kwanza kila mmoja aeleze kadi yake huku wenzake hawaioni, ameielekeza kifuani. Kisha wazionyeshe na wajipange wenyewe kwa kusimama kwenye mstari. Sheria ni moja: hakuna kugusa kadi ya mwenzako, unaruhusiwa kumwambia tu. "Sogea huku, wewe ni wa mwisho, mnara umeshaanguka." Hapo wanafanya mfuatano na kupeana nafasi kwa pamoja. Bila sheria hiyo, mwepesi wa kundi anakusanya kadi zote na kumaliza kazi peke yake.

Kadi za mezani zitoshe sm 15 kwa 10. Za kusimama nazo, A4. Bandika picha kwenye karatasi ya manila kabla ya laminesheni, kwa sababu karatasi nyembamba inapinda na namba ya nyuma inaonekana upande wa mbele. Kata pembe ziwe duara. Pembe kali ndizo zinazoanza kuchanika. Laminesheni isiyong'aa ni bora, maana inayong'aa inaakisi mwanga na watoto waliokaa pembeni hawaoni picha. Kila seti iwe na doa la rangi yake nyuma, usije ukatumia muda wa somo kuchambua.

Usiandike namba nyuma kwa watoto ambao tayari wanazijua, watapanga namba badala ya hadithi. Panga kadi sawasawa, igeuze kila moja palepale ilipo, kisha chora mstari mmoja wa mshazari unaopita kadi zote. Wakimaliza wageuze: mstari ukiungana, wamepatia.

Chini ya kadi weka ukanda wa karatasi wenye doa la kijani kushoto na mshale kuelekea kulia. Mtoto anayepanga kutoka kulia au juu kwenda chini mara nyingi anaijua hadithi; hajajua mahali pa kuanzia tu.

mama_wawili

Nakubaliana na mengi, ila tahadhari kuhusu zamu. Msimwambie mtoto ampe mwenzake kitu kwa sababu ameombwa. Anajifunza kwamba anayelia kwa sauti ndiye anayepewa. Amalize, kisha ampe.

kadi_na_gundi

Nyumbani sawa kabisa. Darasani "akimaliza" inaweza kuwa nusu ya asubuhi, kwa hiyo weka kikomo kinachoonekana. Saa ya mchanga ya dakika 2 inatosha kwa miaka 4. Ya dakika 5 ni ndefu, anayesubiri ataondoka au ataanza kuvuta. Na anayesubiri ndiye aishike saa, awe na kitu mkononi.

Kadi za suluhisho usizifungie kabatini. Zibandike kwenye kona ya vibao, usawa wa macho ya watoto: wote wawili wanataka, mmoja anaomba, mmoja anasubiri, anapokea. Ugomvi ukianza, subiri kilio kitulie, kisha uliza: "Tuko picha ya ngapi? Inafuata ipi?" Mtoto anayelia hawezi kupanga chochote, kwa hiyo usiharakishe swali.

tiba_ya_lugha

Hilo la kona nalichukua. Mwalimu, unapopima maendeleo usihesabu kadi zilizowekwa sawa. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, mara moja kila wiki mbili, kwa hadithi ambayo hajawahi kuiona. Tafuta -ka-, "kwa sababu", "ndiyo maana", na maneno ya hisia kama "alikasirika" au "alitaka". Kwa hadithi za kugawana, hayo ya hisia ndiyo ya kuyatazama zaidi. Yakikosekana kwa darasa zima, rudi kwenye ukurasa wa ugomvi na nyuso zake kabla ya kubadili kitabu. Yakikosekana kwa mtoto mmoja huku wenzake wanasonga, mpe hadithi ya puto: akiisimulia vizuri, tatizo liko kwenye hisia; asipoweza hata hiyo, mpeleke akapimwe usikivu na lugha.