Likizo kwenye visiwa vya Thailand: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada (Dar es Salaam)

Wakuu, habari zenu. Naona wengi wanaotaka kwenda Thailand wanaanza na hoteli. Mtu anaona picha ya bwawa la kuogelea, bei inamvutia, analipia, halafu ndiyo anauliza hali ya hewa ikoje. Mimi likizo yangu inafuata kalenda ya shule ya watoto, kwa hiyo sina ujanja: naanza na mwezi, kisiwa kinafuata.

Thailand ina bahari mbili na kila moja ina msimu wake. Magharibi ni Bahari ya Andaman, yenye Phuket, Phi Phi, Krabi na Koh Lanta. Mashariki ni Ghuba ya Thailand, yenye Koh Samui, Koh Phangan na Koh Tao, kisiwa cha wapiga mbizi. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua na mawimbi makubwa yako upande wa Andaman. Samui mvua zake nzito ni Oktoba hadi Desemba, na Novemba ndiyo mbaya kuliko yote. Kwa hiyo likizo ya Juni angalia Samui, likizo ya Desemba angalia Phuket au Krabi.

Sisi tulikwenda Samui mwezi wa Juni. Jua lilikuwepo tangu asubuhi, mvua ikija ni ya jioni, inapita, watoto wanarudi majini. Wiki hiyohiyo rafiki yetu mmoja alikuwa Phuket na familia yake, na kila wakishuka ufukweni wanakuta bendera nyekundu. Naomba hili tulichukulie kwa uzito: bendera nyekundu maana yake usiingie majini kabisa, hata kama unaogelea vizuri. Kuna mkondo unaomvuta mtu kumpeleka nje, na watu hufa.

Karibuni muongeze.

Mdau (Mombasa)

Shukrani kwa mada. Hilo la msimu sisi watu wa pwani tunalielewa upesi, kwa sababu pepo za Bahari ya Hindi ni familia moja. Wakati huku kwetu kuna kusi, ule upepo ukishavuka ikweta unageuka, unafika Andaman ukitokea kusini-magharibi, umebeba maji. Wakati wa kaskazi, upepo unatoka bara la Asia, unapita juu ya Ghuba, unachota unyevu na kuumwaga Samui. Milima ya rasi inayotenganisha bahari hizo mbili inaikinga Phuket, ndiyo maana Januari na Februari kule ni kukavu na bahari ni shwari.

Mimi nilikwenda Februari. Ghuba ya Phang Nga, jirani na Phuket, ilikuwa imetulia kiasi kwamba tulizunguka na mtumbwi chini ya yale majabali ya chokaa bila tone kuingia ndani.

Usafiri: nilipanda Nairobi hadi Bangkok moja kwa moja, halafu ndege ya ndani hadi Phuket. Angalia sana tiketi yako ya ndani. Bangkok ina viwanja viwili, Suvarnabhumi na Don Mueang, na ndege nyingi za bei nafuu zinaondokea Don Mueang. Kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa gari ndani ya foleni za jiji. Ukijiachia saa mbili tu katikati, ndege itakuacha.

Mdau (Muscat)

Assalaam alaykum. Mimi nitasema kuhusu chakula na wazee, kwa sababu nilimpeleka mama yangu mzazi na hofu yake kubwa ilikuwa hiyo: nitakula nini huko?

Kutoka Muscat tulipanda ndege hadi Phuket, tukaendelea kwa barabara hadi Koh Lanta. Njia ni ndefu, lakini gari linavuka kwa pantoni, kwa hiyo mama hakulazimika kushuka kwenye boti inayoyumba na kukanyaga maji. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, hilo ni jambo la kwanza kuuliza. Safari nyingi za visiwani zinaishia kwenye maji ya magotini, hakuna gati.

Lanta wenyeji wengi ni Waislamu. Alfajiri unasikia adhana, na vibanda vya halali viko kila mahali, huna haja ya kuuliza mara mbili. Mama alipenda wali wao wa manjano na kuku, wanauita khao mok gai, ni ndugu wa biriani. Jioni tulikuwa tunakaa kwa kijana mmoja anayeuza roti. Anatandaza unga kwa kuupiga mezani mpaka unakuwa mwembamba unaona meza chini yake, anautupa kwenye chuma chenye mafuta, anaweka ndizi na yai, anakunja kama bahasha, anakata vipande na kumwagia maziwa mazito ya kopo. Mama alisimama pale akimtazama mikono, kisha akamwonyesha kwa ishara namna anavyokunja yeye chapati. Wakacheka wote wawili.

Kama mnapita Phang Nga, ombeni boti isimame Koh Panyee. Ni kijiji kizima cha wavuvi Waislamu kilichojengwa juu ya nguzo majini, kina msikiti, na vijana wana uwanja wa mpira unaoelea. Wageni wengi hushuka pale kula mchana tu na kuondoka. Tembeeni mpaka nyuma kwenye nyumba za watu, muwasalimie, mnunue kitu kidogo.

Mdau (Nairobi)

Makaratasi, maana hapa ndipo watu hukwama.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda na majirani. Uchanjwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ukishachanjwa inatosha maisha. Pale Suvarnabhumi unapitia kwanza meza ya afya, wanakagua kadi, ndipo uende uhamiaji. Nimeona familia ikisimama kwenye foleni ndefu ya uhamiaji, ikafika mbele, ikarudishwa nyuma kwa sababu hiyo.

Viza niliomba mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya Thailand. Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya kidijitali ya kuingia nchini, TDAC, unayojaza ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayokuomba pesa kwa ajili ya fomu hiyo si ya serikali, ifunge.

Na plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kule. Beba adapta.

Mdau (Arusha)

Pikipiki. Kule wanaendesha kushoto kama kwetu, skuta zinakodishwa kirahisi, basi mtu anajiona yuko nyumbani. Mwenzangu alianguka Samui kwenye kona yenye mchanga, akachubuka mguu mzima. Bima ya safari alikuwa nayo, lakini kibali chake cha kimataifa hakikuwa na daraja la pikipiki, kwa hiyo hawakulipa hata senti. Hospitali za binafsi visiwani si za bei ya huruma. Kama huna kibali cha pikipiki, panda zile daladala zao au ita gari kwa simu. Na usimwachie mwenye duka pasipoti yako kama dhamana, mpe pesa taslimu.

Mdau (Zanzibar)

Nyongeza fupi. Samui na Phangan kuna yavuyavu wa hatari. Kwenye fukwe nyingi utaona nguzo yenye chupa ya siki ya kumwagia palipoumwa, jua iko wapi kabla hujaingia majini. Doriani na shokishoki ni tele sokoni, ila doriani usiipeleke hotelini, nyingi zimepiga marufuku kwa ajili ya harufu.

Mdau (Toronto)

Asanteni sana, ndugu zangu. Mimi na mchumba tunafunga ndoa mapema Desemba na tunataka fungate huko. Tumeona picha za Maya Bay, ule ufukwe wa visiwa vya Phi Phi. Je, tulale Phi Phi?

Mwanzisha mada

Hongereni sana. Kwa Desemba, Andaman ndiyo penyewe. Maya Bay ilifungwa mwaka 2018 kwa sababu matumbawe yalikuwa yanakufa kwa wingi wa boti, ikafunguliwa tena Januari 2022 kwa masharti: boti zinatia nanga upande wa nyuma, na kuogelea hakuruhusiwi. Kila mwaka huifunga Agosti na Septemba. Kiingilio cha hifadhi ni baht 400 kwa mgeni mkubwa. Nendeni asubuhi sana, mtazame, muondoke.

Kulala, ningewashauri Lanta kuliko Phi Phi, maana kijiji cha Phi Phi kina muziki mpaka usiku wa manane na fungate inataka utulivu. Mkiweza muwe mmeshaondoka kabla ya Krismasi, kwa sababu kuanzia hapo hadi Mwaka Mpya bei za vyumba hupanda sana na hoteli nyingi hudai ulale siku kadhaa mfululizo. Chumba wekeni kile kinachoruhusu kughairi bure.