Garderi yangu ina miezi tisa: watoto wapo, pesa siioni

Mama wa Bel-Air
Jambo wote. Mwezi wa kumi nilifungua garderi, nyumba ya kulelea watoto wadogo mchana, hapa Bel-Air, Lubumbashi. Siku ya kufungua kila mtu alikuja: shemeji alipaka rangi, watu wa kanisa walileta magodoro. Sasa nimebaki mimi na kaye yangu ya madeni.

Nina watoto 19, dola 20 kwa mwezi kila mmoja. Kodi ya nyumba 120. Walezi watatu, 60 kila mmoja. Unga, makala (mkaa), maji na sabuni kama 80. Mwezi uliopita wazazi 11 tu walilipa yote. Juzi mama mmoja alifika saa moja na nusu usiku, mtoto amelala na viatu vyake, akaniambia: “Mwezi huu alikuja siku tisa, nitatoa nusu.” Nilinyamaza. Mlezi wangu mzuri naye ameniaga, na vakansi ya shule ndiyo hiyo. Nifunge?

Katuba Moja
Pole mama. Lakini jumlisha: 120 na 180 na 80 ni 380. Watoto 19 mara 20 ni 380. Hata wote wakilipa leo, wewe unafanya kazi bure.

Yaya wa Kenya
Ndiyo hapo. Mimi pia nina garderi, huku Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi. Wangapi hawajafika mwaka?

Mama wa Bel-Air
Watano, yaya.

Yaya wa Kenya
Hao wanakumalizia mlezi mzima, na bei ni ileile ya anayejilisha! Sheria ya kazi inampa mama wiki 14, zisizozidi 8 baada ya kuzaa, ndiyo maana mtoto wa miezi miwili anafika mlangoni kwako. Wachanga walipiwe dola 30.

Halafu uza nafasi, usiuze siku. Godoro likikaa tupu, mwenye nyumba hapunguzi kitu. Kwangu wazazi wa kampuni wanalipa wakipata mshahara, kabla mwezi mpya haujaanza. Mama wa sokoni analipa kila Jumamosi, kwa franka. Nilipokuwa nikimdai mwezi mzima alikuwa ananikwepa njiani. Ya wiki hajawahi kunikosesha.

Papa Mapasa
Yaya, polepole. Sisi tulitoa wetu wawili walipopandisha bei kwa karatasi ya mlangoni. Mwambie kila mzazi kwa mdomo, mwezi mmoja mbele.

Yaya wa Kenya
Kweli papa, hapo nimekubali.

Vakansi isikutishe sana. Maternele, shule za watoto wadogo, zikifungwa, wa miaka 3 mpaka 5 wanabaki bila pa kukaa na wazazi wao wanaenda kazini: wachukue kwa wiki. Ogopa mwezi wa tisa, wakubwa wako watakapohamia maternele wote kwa mpigo. Andikisha wadogo sasa. Na unga nunua sasa, mavuno yako sokoni. Usingoje mwezi wa kwanza.

Mlezi mlipe kabla ya mwenye nyumba. Akiondoka, watoto watatu wanamfuata.

Mama wa Bel-Air
Narudi na habari. Wanne wa wachanga wamekubali 30 kuanzia mwezi wa nane, wa tano anamuuliza mume wake. Yule wa siku tisa bado hajaonekana. Mlezi nilimpa 60 zake jana, mwenye nyumba atangoja kidogo. Asubuhi mlezi alikuja, hakusema kitu, akafunga kitambaa akaanza kuosha vikombe vya uji.