Mtoto kubatizwa Mabula peke yake, kuna kosa gani?

Baba Mabula, Mwanza
Wadau, naombeni mawazo. Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume usiku wa kuamkia Jumapili, mvua inapiga bati mpaka wauguzi wanasemezana kwa kupaza sauti. Bibi yake alipompakata tu akasema huyu Mabula. Kisukuma mbula ni mvua, na babu yangu mzaa baba alikuwa Mabula. Nimekwenda kuandikisha ubatizo, katekista ananiambia: "Lete jina la Kikristo, hilo la nyumbani mtaliita nyumbani." Mimi sitaki kuongeza jina. Akibatizwa Mabula tu, kosa liko wapi?

Mama Faraja
Hongera kaka. Kosa hakuna, ila mfikirie mtoto. Majina yetu ya asili ni mvua, njaa na misiba. Mashaka, Shida, Tabu, Masumbuko. Mtoto anatamkiwa mikosi tangu kitandani! Wenzetu Wazungu na Waarabu wanawapa watoto majina yenye maana nzuri.

Ja-Rorya
Dada, hapo umetukosea wengi. Mimi ni Otieno, nimezaliwa usiku. Usiku ni mkosi? Kaka yangu Omondi alfajiri, binamu yangu Okoth mvua kama huyu Mabula. Owino alizaliwa kitovu kimemzunguka. Opiyo na Odongo mapacha, Okello anawafuata. Ukiniambia jina la Mjaluo nakwambia mama yake alikuwa katika hali gani siku ile. Wewe niambie Kelvin alizaliwa saa ngapi.

Mama Faraja
Sikusema usiku, nimesema Masumbuko. Soma vizuri.

Mwalimu mstaafu
Mama Faraja, fungua Mwanzo 35:18. Raheli akiwa anakata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu, baba akabadilisha akamwita Benyamini. Yabesi naye aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa kwa huzuni, iko 1 Nyakati 4:9. Yakobo alizaliwa ameshika kisigino cha nduguye. Hao ni akina Masumbuko na Kashindye kabisa, maana Kashindye ni mtoto aliyetanguliza miguu. Halafu Wajaluo wana Oyugi, kutoka takataka, jina la mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa. Mzazi aliyezika watoto watatu akamwita wa nne Takataka hakumchukia. Alikuwa anamficha kifo kisimwone. Nimefundisha watoto wa majina hayo na nimewajua mama zao, siwezi kukaa kimya yakiitwa mikosi.

Mnyantuzu
Umemaliza mwalimu. Mimi nasema heri Mabula mara mia kuliko akina Juma na Hamisi wanaojiita Waswahili asilia. Mtu mzima unaitwa Ijumaa, tena kwa lugha ya Mwarabu!

Mdigo wa Tanga
Wewe Mnyantuzu, ulikuwa unachangia vizuri, Juma amekukosea nini? Babu wa babu yangu aliitwa Juma, amezikwa Pangani, Muskati hakuijua. Jina likikaa kwenye ukoo vizazi sita bado ni la mgeni? Tena mtoto wa Ijumaa kuitwa Juma na mtoto wa usiku kuitwa Otieno ni utaratibu uleule.

Mnyantuzu
Utaratibu mmoja, neno la nani? Khamis wamejaa Oman mpaka leo.

Mdigo wa Tanga
Na Kombo na Makame wa Unguja na Pemba utasema nao wameshuka kwenye jahazi? Na hesabu ya siku ni ya nani? Mwarabu anaanza kuhesabu Jumapili, ndiyo maana Alhamisi kwake ni ya tano. Mswahili anaanza Jumamosi, ya tano yake ni Jumatano. Tuna siku mbili za tano ndani ya juma moja, moja yao na moja yetu, na dada zetu Pili na Tatu wanaitwa kwa hesabu yetu. Neno tulilipokea, tukalilea wenyewe.

Bint Pemba
Mdigo, Mungu akuweke. Kila tukizungumza majina lazima atokee mtu wa bara kutupimia uasili. Mbona Kulwa na Doto, majina ya mapacha, mnasema ni ya Wasukuma, wakati huku pwani tunasema kurwa na doto tangu enzi za mababu?

Mnyantuzu
Mlichukua kwetu Usukuma.

Bint Pemba
Leta ushahidi, au omba radhi.

Baba Mabula, Mwanza
Ndugu zangu, mtoto wangu anabatizwa Jumamosi. Tafadhali.

Frateri wa zamani
Nikujibu wewe kaka. Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Jina la mtakatifu si sharti. Sheria ya zamani ya 1917 ndiyo iliyomtaka paroko aongeze la mtakatifu wazazi wasipolitoa. Katekista wako anafuata alichofundishwa na waliomtangulia. Nenda kwa paroko mwenyewe, kwa adabu.

Mwanamaombi
Frateri unampotosha. Majina ya kimila yamebeba mizimu. Nyerere aliitwa Kambarage, ni mzimu wa mvua wa Wazanaki, ndiyo maana wazazi wake wakambatiza Julius akiwa mchanga.

Frateri wa zamani
Mzimu wa mvua ni kweli, alizaliwa Butiama Aprili 1922 mvua ikinyesha. Ila alibatizwa Desemba 1943, kijana wa miaka 21, na Kambarage hakuliacha hadi kaburini. Jimbo la Musoma limeanzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, na jina hilohilo. Halafu nikuulize: Mukasa kwa Waganda ni nani? Ni mungu wa ziwa hili hili analoliona Baba Mabula dirishani. Na Yosefu Mukasa ni mtakatifu wa altareni, alitangazwa mwaka 1964 pamoja na Lwanga na Kizito. Martini nalo linatokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Mbona hilo hulikemei?

Mwanamaombi
Mimi si Mkatoliki. Hayo ya altareni mjibizane wenyewe.

Papa Lushois
Mimi ni wa Lubumbashi. Kwetu ilikuwa kinyume. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré, akawa Sese Seko. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akajikuta uhamishoni Roma. Baba yangu alipoteza jina alilopewa na mama yake kwa sababu lilikuwa Jean. Musilazimishe mutu, hata kwa jina la babu.

Ja-Rorya
Papa, pole. Ila hapa anayelazimishwa ni Mabula. Na hata akiokoka kwa paroko, fomu zinamngoja: jina la kwanza, la kati, la mwisho. Binti yangu ni Atieno kama bibi yake, shuleni wamemwandika Atieno Otieno, yaani Usiku binti Usiku. Jina langu la kuzaliwa limegeuzwa ukoo.

Bint Pemba
Mimi bado nangoja ushahidi wa Kulwa.

Mama Faraja
Mwalimu, nimesoma 1 Nyakati. Sikuwahi kuuona mstari huo. Lakini Baba Mabula, mbona hujatuambia mama mtoto anataka jina gani? Tumbo lilikuwa lake.

Baba Mabula, Mwanza
Dada, mama yake anamwita Mabula tangu leba. Anayetaka Gabrieli ni kaka yake, msimamizi wa ubatizo, na ng'ombe wa sherehe ameshamnunua. Kesho asubuhi naenda kwa paroko. Frateri, hiyo kanuni ni 855?

Frateri wa zamani
855. Nenda na shemeji yako.